Uzito wa Mshika Kamba

Masanja tulimzika wiki tatu zilizopita, Nyarugusu, hatua chache kutoka nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nilifika kwa basi siku ya pili ya msiba, magoti yamekakamaa, na kabla sijamaliza kutoa pole nikakalishwa chini ya turubai mbele ya sinia la wali na nyama. Mjukuu wake mmoja, binti mwenye sauti nzito kama ya babu yake, alisogeza pande la mafuta upande wangu akasema, "Kula, babu. Mbona umekonda hivyo, au bibi hapiki?" Wazee wawili waliotujua enzi za machimbo wakacheka mpaka wakakohoa. "Mwache huyo," mmoja akamwambia. "Huyo kukonda amekusomea." Nami nikacheka, nikala vipande vitatu vya nyama isiyo na mafuta, nikanawa. Usiku, nilipolala kwenye chumba cha wageni chenye harufu ya mahindi mapya, yule binti hakunitoka akilini. Nilikuwa na jibu la swali lake, ila lilikuwa refu mno kwa msibani. Ndilo ninaloliandika sasa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengi ambao kwa miaka yote hii wameniuliza niliwezaje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwahi kuona mtu mkubwa kama mimi kwenye machimbo yetu ya dhahabu. Tulikaa kwenye vibanda vya nyasi na udongo, mimi na Masanja kibanda kimoja, na asubuhi tuliamshwa na sauti ya mawe yakipondwa kwenye vinu vya chuma kila upande wa bonde, twang, twang, kama mvua inayoanza kunyesha juu ya bati na haifiki popote. Vumbi lake jeupe lilitua juu ya blanketi, juu ya maji ya kunywa, juu ya kope. Hata leo nikifumba macho mchana wa jua kali, naona ule weupe ukielea, na watu wakitembea ndani yake bila miguu.

Kazi yangu ilikuwa kushika kamba. Nieleze vizuri, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Shimo letu, ambalo wachimbaji huliita duara, lilikuwa jembamba kama kisima na lilishuka kina cha watu kumi na wawili wakisimamiana mabegani. Masanja na mwenzake Ramadhani, kijana wa Tabora mjini mwenye mdomo usiochoka, walishuka kwa kukanyaga vijishimo vilivyochongwa ukutani, na chini ya makwapa walifungwa kamba ya katani. Ncha ya pili ya kamba ilizunguka kiuno changu. Nilikaa juu, kwenye kiti nilichokichimba ardhini, nyayo zimekanyaga gogo, nikiachia kamba kidogo kidogo. Mguu wa mtu ukiteleza, hapakuwa na kitu kingine cha kumzuia isipokuwa mwili wangu. Mara tatu mwaka ule mguu uliteleza. Kila mara nilihisi kiuno kinakatwa, kisha ukimya, kisha sauti ya Ramadhani kutoka gizani ikitukana kwa Kinyamwezi. Hawakunishukuru kwa maneno. Walinilisha.

Ilikuwa desturi ya machimbo yale. Aliyetoka shimoni, kabla hajanawa, alipita kwanza kwa mshika kamba na kumpa kitu cha kutia mdomoni: kipande cha nyama choma, kiganja cha karanga, michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa vizuri. Mama Kulwa, aliyetupikia, alinisogezea ukoko wa ugali na mfupa wenye uboho. Alikuwa mama mfupi, mwepesi wa kucheka, na kila nilipomwambia "Shikamoo, Mama Kulwa" aliitika "Marahaba mwanangu, kula kwanza," kana kwamba hayo yalikuwa maneno ya salamu yenyewe. Kwetu mtu mnene alikuwa mtu mwenye heri. Mimi nilikuwa na heri kupita wote.

Mwezi wa tano miguu yangu ikaanza kuvimba jioni. Nikawa naamka nikitafuta pumzi, naketi mlangoni mwa kibanda, nikisikiliza moyo wangu ukipiga kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Nilikwenda zahanati, mwendo wa saa mbili, nikapumzika njiani mara tisa. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima presha, akaipima tena. Nilipopanda juu ya mzani wake, mshale ulikwenda hadi mwisho ukakwama. "Ndugu," alisema, "unapumua kama mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Nenda kituo cha pamba wakupime, kisha urudi uniambie."

Ulikuwa msimu wa pamba. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao, na mzani mkubwa unaning'inia kwenye boriti ya godauni. Karani alinitazama juu mpaka chini, akauliza kwa sauti ya kazi, "Hii ni pafi au fifi?" Pafi ndiyo pamba safi, fifi ndiyo chafu.

"Andika pafi!" mzee mmoja alipaza sauti. "Huoni haina hata jani?"

"Imelowekwa maji hiyo," mwingine akadakia. "Kaanikeni kwanza!"

Nikaingizwa ndani ya kombeo la turubai, nikaning'inia pale juu ya pamba yote ile nyeupe, miguu haigusi chini. Nakumbuka kwamba kwa nukta chache niliona raha. Ubaridi wa godauni, harufu ya mafuta ya mbegu, kicheko cha watu kikiwa mbali kidogo, na mimi sijibebi. Kilo mia moja ishirini na nne. Tangu siku hiyo jina langu likawa Gunia.

Mganga alisikiliza hesabu, akavua miwani. Hakunitisha. Aliniambia tu kwamba moyo wangu ni wa mtu mmoja, na kwamba nisipopungua, mwaka wa kesho nisiupangie mambo. Nipunguze ugali nusu, niache samli na mafuta, nitembee kila siku. "Usikimbie," alisema. "Ukikimbia utaanguka njiani. Tembea kama mtu anayekwenda kumwona rafiki."

Niliporudi niliwaeleza wenzangu. Masanja alikuwa anafuta tope masikioni kwa kitambaa. Aliendelea kufuta muda mrefu. "Huyo mganga," hatimaye alisema, "amewahi kushika kamba ya nani?" Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa niwaambie jambo ambalo wanaopunguza mwili peke yao, mezani, na sahani yao, hawalijui. Sisi tulikula sinia moja. Hapana nusu yako wala nusu yangu, kuna mlima mmoja wa ugali na mikono mitatu. Anayenawa kwanza amemtukana mpishi, au ni mgonjwa, au ana kinyongo na wenzake. Siku ya kwanza nilinawa mapema, na Mama Kulwa akaja kunishika paji la uso. Siku ya pili Ramadhani akauliza, "Gunia, nani kakuudhi?" Siku ya tatu nikala kama zamani, kwa aibu. Siku ya nne ndipo nilipogundua njia. Nilimega tonge dogo, dogo kama yai la njiwa, nikalifinyanga taratibu, na kabla sijalitia mdomoni nikaanza kusimulia. Chochote. Jinsi mvua inavyojengeka kule ziwani kabla ya kutufikia. Kwa nini mchwa huziba milango yao jioni. Mtu anayesimulia haulizwi kwa nini mkono wake hauendi kwenye sinia. Nilipofika mwisho wa hadithi, ugali ulikuwa umekwisha, wote tunanawa pamoja, na mimi nimekula matonge kumi.

Na alfajiri nilitembea. Mwanzo hadi kichuguu kilichokuwa nyuma ya mabanda, nikarudi nikihema. Baada ya wiki mbili, hadi mkuyu wa kando ya kijito. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na moshi wa kuni za jana ukiwa juu yake kama maziwa juu ya chai. Nilisalimiana na akina mama waliokuwa wakienda kuchota maji, kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, bhabha. Unakwenda wapi?" "Siendi mahali." Walifikiri nimepotelewa na ng'ombe. Kuna asubuhi nilitamani kulala, na nilichofanya ni kujiahidi kuvaa viatu tu. Nikishavivaa nilijiambia nifike mlangoni. Hiyo mbinu nimewafundisha watu wengi baadaye, kwa mambo mengine kabisa, kwa kusoma na kuandika, kwa kuacha pombe. Usiuombe moyo safari nzima. Uombe viatu.

Lakini miezi mitatu ilipita na suruali ilinibana vilevile. Nilirudi kituo cha pamba siku ya mwisho ya ununuzi, godauni karibu tupu, karani peke yake akisinzia. Kilo mia moja ishirini na tano. Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, safari hii bila mzaha, akasema, "Pole, ndugu." Nikarudi kwa miguu mchana, jua limenikalia kichwani, nikijiambia kwamba mimi ni mtu dhaifu, kwamba labda usiku nala bila kujua, kwamba mganga alikosea kunipa matumaini. Kama umewahi kujinyima na usione kitu, unaujua mchana ule. Ukali wake hauko tumboni. Unaanza kujishuku wewe mwenyewe, kama unavyomshuku mgeni.

Nilifika mabandani mapema kuliko walivyonitegemea. Nikapita nyuma ya jiko kwenda kuchota maji ya kunawa, na ndani, upande wa pili wa ukuta wa fito, nikasikia sauti ya Masanja.

"Ongeza, Mama Kulwa."

"Nimeshatia vijiko vitatu, baba. Mlenda utakuwa samli tupu."

"Ongeza hivyo hivyo. Na karanga zisage laini, asizione."

"Mwenzio anateseka. Asubuhi namwona anavyotembea, namwonea huruma."

"Na mimi namwonea huruma. Lakini jana nilipokuwa kule chini niliwaza: huyu mtu akibaki nusu, siku nitakayoteleza tutakutana chini wote wawili. Nina watoto wanne, Mama Kulwa."

Nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa chungu.

Nilisimama pale, ndoo mkononi, mpaka kivuli cha jiko kikanifunika miguu. Hasira ilikuja, ndiyo. Ila kilichonishangaza ni kwamba kabla ya hasira ilikuja faraja, kubwa kama maji ya baridi: kumbe sikuwa dhaifu. Kumbe matonge kumi yangu yalikuwa kumi kweli. Sikuwaambia kitu. Jioni ile nilisema nimepata habari za nyumbani, na kesho yake nikadandia lori hadi Shinyanga mjini, kisha nikatembea na kupanda mikokoteni mpaka Samuye. Nilikusudia nisirudi.

Samuye nilikaa kwa dada yangu siku kumi na moja. Alinipikia nilichomwomba, majani makavu ya kunde yasiyo na mafuta na ugali wa mtama, akanitazama nikila bila kuuliza. Mchana nililala chini ya upenu, nikiota nimekalia kiti changu cha udongo na kamba inashuka, inashuka, haifiki. Siku ya kumi jirani yao, bibi mmoja mwembamba kama fito, alikuwa na fahali wa kuchomwa sindano. Fahali yule alikuwa mkubwa, amekasirika, vumbi linaruka. Wanaume walisimama mbali. Bibi alichukua ncha ya kamba, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo ya zizi, akaishika kwa mkono mmoja. Fahali akavuta kwa nguvu zake zote. Nguzo ikalia, kamba ikalia, bibi akasimama vilevile, mkono wa pili anajifuta jasho. "Haya, mchomeni," alisema, "nina mboga jikoni."

Kesho yake nikaaga.

Nilipofika Nyarugusu nilikuta shimo limefunikwa kwa matawi. Mama Kulwa alinikimbilia na mikono yenye unga. Masanja alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chetu, hana hata tone la tope, na sikuwahi kumwona msafi vile.

"Hamkushuka?" niliuliza.

"Tushuke na nani?" alijibu, hanitazami.

Siku kumi na tatu, pamoja na za safari, watu hawakuingiza kitu. Walikula michembe. Ramadhani alikuwa amemtajia watu wawili wa kushika kamba, wenye nguvu, Masanja akakataa wote. Nikaketi karibu naye, nikamwambia nilichokisikia nyuma ya jiko. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua dhambi yake. Nilikuwa naogopa." Nikamwambia hata mimi naogopa, kila alfajiri, ninapotafuta pumzi. Hilo hakuwa analijua. Miezi yote ile nilikuwa nimemweleza maneno ya mganga, na sikuwahi kumwambia kwamba naogopa.

Tulichimbia gogo la mninga kando ya kiti changu, kina cha kifua cha mtu, tukalishindilia kwa mawe. Nilizungusha kamba mara mbili kama yule bibi. Tukafunga karai la mawe, mazito kuliko Masanja, tukalitupa shimoni kwa ghafla. Kamba ikalia, karai likasimama. Niliishika kwa mkono mmoja. Ramadhani akaishika kwa vidole viwili, akapiga kelele kama amepanda ndege.

Masanja hakucheka. "Gogo halisikii," alisema. "Wewe nikitetemeka kule chini unasikia. Nikichoka unasikia. Mti utasikia nini?"

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Nikamweleza taratibu, mara mbili, mara tatu, nikichora mchangani: gogo linabeba, lakini kamba bado inapita mkononi mwangu kabla haijafika kwake. Nitakusikia vilevile. Kilichoondoka ni kiuno changu tu. Alitazama mchoro. Aliuliza maswali ya busara, kuhusu kamba kulika, kuhusu mvua. Tukakubaliana kuipaka mafuta na kuibadilisha mapema. Ramadhani akajitolea kushuka kwanza, Masanja akamzuia kwa mkono. Akajifunga mwenyewe. Ukingoni akageuka, macho yake kwenye gogo, halafu kwangu, akashuka. Alipofika karibu na chini, nadhani aliachia mguu kwa makusudi. Kamba ikakaza ghafla, gogo likagumia. Kiganjani nilimsikia akitetemeka, kisha akatulia.

Tangu siku ile samli ilirudi kwenye kopo lake. Mama Kulwa alinipikia mlenda mkavu, akilalamika kwamba ninamwaibisha mbele ya mboga. Nilitembea hadi mkuyu, kisha hadi kijiji cha pili. Uzito ulianza kutoka, polepole sana, wiki nyingine hautoki kabisa, na wiki hizo nilivaa viatu tu. Miguu ikaacha kuvimba. Msimu wa pamba uliofuata, karani alinitafuta kwa macho kwenye foleni na hakunijua mpaka nilipojitaja. Kilo tisini na nane. "Gunia," alisema, "wamekuibia njiani?" Mganga alisikiliza kifua changu muda mrefu, halafu akaniambia kwamba sasa naweza kuupangia mwaka mambo yangu. Niliupangia. Sikurudi tena kushika kamba baada ya mwaka huo. Nilikwenda kujifunza kufundisha watu wazima, maana nilikuwa nimeshazoea kukaa mbele ya watu na kueleza kitu mpaka kieleweke.

Siku chache kabla sijaondoka, asubuhi yenye ukungu, Masanja alinikuta nikikunja blanketi. "Umetushusha mwaka mzima," alisema. "Hujaona ulichokuwa unatushushia. Njoo." Zamani mabega yangu yasingepita mdomo wa shimo. Sasa yalipita, yakikwaruza kidogo. Alinifunga chini ya makwapa, akalikagua fundo mara mbili, akaenda kukaa kwenye kiti changu. Nilishuka kwa kutafuta vijishimo kwa vidole vya miguu. Hewa ilibadilika, ikawa baridi na tamu kama ya ndani ya mtungi. Kelele za vinu zilififia juu yangu. Nilipotazama juu niliona mduara wa mwanga mweupe, mdogo kama sahani ya kahawa, ukungu ukipita juu yake. Nikiwa nusu ya njia mguu wangu ukateleza.

Sikuanguka. Nilining'inia tu, nikizunguka polepole gizani, na kwa mara ya kwanza nikajua jinsi wao walivyokuwa wakijisikia. Vumbi la dhahabu au la mawe tu, sijui, liling'aa ukutani karibu na pua yangu.

"Makoye!" sauti ya Masanja ilishuka. Hakuwa ameniita jina langu mwaka mzima. "Mganga amekudanganya! Mbona bado mzito hivi?"

Nikasikia Ramadhani akicheka huko juu, na Mama Kulwa akimkemea.

"Usiniachie," nikasema.

"Nikuachie," alijibu, "niende wapi?"